Kinachobaki Nywele Zikishasuuzwa

Baridi ya Juni ikishakaza huko Iyula, wilayani Mbozi, kuosha nywele ni kazi ya kujipa moyo. Shampuu ikitoka, chanuo linagoma. Nywele zinavutana na nyingine zinakatika. Msusi anapaka kondishena, anasubiri dakika chache, anasuuza, na chanuo lile lile linapita. Ungedhani krimu yote imekwenda na maji. Haikwenda yote.

Unywele umefunikwa na magamba membamba yaliyolaliana kama vigae, na juu yake kuna utando wa mafuta wa asili. Dawa ya kunyoosha nywele, hasa ile ya kostiki soda ambayo pH yake huzidi 12, huuondoa utando huo. Jua, blichi na chanuo humalizia. Magamba yakibaki wazi, unywele huwa mkavu, wa kukwaruza, na ukilowa hubeba chaji hasi ya umeme.

Kondishena hutumia udhaifu huo huo. Geuza chupa usome: behentrimonium chloride, cetrimonium chloride. Majina ya kuvunja ulimi, lakini kila molekuli yake ina kichwa chenye chaji chanya na mkia mrefu wa mafuta. Kichwa hunasa kwenye unywele, mkia hubaki nje, na mikia hiyo ndiyo utelezi unaousikia vidoleni. Palipoharibika zaidi pana chaji hasi nyingi zaidi, hivyo kondishena hunasa zaidi pale pale. Ndiyo sababu ya kuipaka nchani kuliko kwenye ngozi ya kichwa.

Wapo wanaoona neno cetearyl alcohol wakairudisha chupa dukani, wakidhani ni spiriti. Siyo. Ni kitu cha mafuta kinachofanana na nta, nacho ndicho kinachoifanya krimu iwe nzito.

Na mafuta ya nazi? Iyula ni nchi ya kahawa, si ya minazi, lakini sifa za mafuta hayo zina msingi. Mwaka 2003 watafiti wa India, Rele na Mohile, waliyalinganisha na ya alizeti na ya madini. Ya nazi pekee ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini ya nywele, kwa kuwa asidi yake ya lauriki ina molekuli ndogo, iliyonyooka, inayopenya hadi ndani. Mafuta ya mgando hubaki juu juu.

Lebo zinazoahidi “kutibu” nywele zinatia chumvi. Unywele ukishachomoza kwenye ngozi ya kichwa hauna uhai. Ncha iliyopasuka hugandishwa kwa muda tu, kisha hupasuka tena.

Kama umenunua kondishena, suuza shampuu yote kwanza. Sabuni ya shampuu nyingi ina chaji hasi, na kondishena ikiikuta kichwani itaishika hiyo badala ya kuushika unywele.