Banda la Farasi Lililogeuka Makao ya Watu

Nilipopanda mteremko ulio karibu na kasri la Chatsworth, katika jimbo la Derbyshire nchini Uingereza, nilidhani naliendea kasri la pili. Mbele yangu palikuwa na lango lenye nguzo nne nene. Juu yake palichongwa ngao kubwa ya ukoo, na kando ya ngao hiyo kulungu wawili wa mawe waliovikwa pembe za kulungu wa kweli. Juu zaidi ulisimama mnara wa saa. Kumbe, msomaji, fahari yote hiyo ilikuwa ya banda la farasi!

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Banda hilo lilichorwa na msanifu James Paine kwa ajili ya Duke wa nne wa Devonshire, na ujenzi wake ulianza mwaka wa 1758. Ni jengo la mraba, lenye kiasi cha futi 190 kila upande, na ua mpana katikati. Orofa ya chini ilikuwa na nafasi za farasi 80, pamoja na karakana ya mhunzi. Orofa ya juu ilikuwa na ghala za nafaka na vyumba vya masaisi. Mpango huo una hekima yake: nafaka ikikaa juu huepukana na unyevu, naye saisi alalaye juu ya farasi wake humsikia mara anapogutuka usiku.

Hata hivyo, uzuri huo ulinitia fikira. Farasi walijengewa nguzo za mawe ili wageni waione heshima ya mwenyewe. Lakini nyumba za wanakijiji wa Edensor, zilizokuwa zikionekana kutoka kasrini, ziliondolewa, na kijiji kikajengwa upya mahali pengine kuanzia mwaka wa 1838. Farasi alipamba mandhari, maskini aliiharibu.

Kisha yakaja magari ya petroli. Farasi wa mwisho waliondoka mwaka wa 1939, na banda likawa ghala na gereji. Majumba mengi ya namna hiyo nchini Uingereza yalibomolewa katika karne ya 20 kwa kukosa kazi na fedha. Hili liliokolewa kwa kupewa kazi mpya. Vyumba vya masaisi vikafanywa nyumba za wafanyakazi wa Chatsworth, za wastaafu na za jamaa zao. Baadaye sehemu nyingine ikafunguliwa kuwa mkahawa na maduka.

Kuligeuza banda kuwa nyumba si kazi rahisi. Milango ya magari ya farasi ni mipana mno, na nafasi ya farasi haikukusudiwa kitanda wala jiko. Fundi asiye na subira hutoboa kuta na kuziba matao, mwishowe jengo likasahau lilikuwa nini. Nami, niliposimama uani pale, bado niliweza kuusoma mpango wa Paine.

Nilipotoka niliwageukia tena wale kulungu. Kwa zaidi ya miaka 170 walilinda mali ya mkubwa. Farasi walipokwisha kuondoka, wakapewa kulinda usingizi wa mzee aliyestaafu. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo kazi bora waliyowahi kupewa.