Somo wa Mara ya Pili

Katika miji ya mwambao, tangu Lamu mpaka Kilwa, mwanamwali hakuachwa aingie nyumba ya mume bila ya mtu wa kumshika mkono. Alipewa somo, mwanamke mtu mzima mwenye siri na ulimi wa adabu, akamfundisha usafi wa mwili, namna ya kuridhia na namna ya kukataa, manukato ya kufukiza na maneno ya kusema taa ikishazimwa. Elimu hiyo ilipata taadhima kwa sababu ilikiri jambo ambalo watu wengi wenye vyeti huona haya kulikiri, kwamba unyumba haujifundishi wenyewe. Ni ajabu iliyoje, basi, kwamba mwanamke huyo huyo, akipatwa na saratani ya mlango wa kizazi katika umri wa makamo, akatibiwa kwa mionzi na kurejea kwake na mwili ambao si ule aliofundwa kuutumia, hakuna aliyewekwa wa kumfunda mara ya pili.

Marehemu shangazi yangu alikuwa somo huko Pangani kwa muda mrefu wa maisha yake. Jioni moja baada ya Magharibi, nami nikiwa nimekaa ukumbini nikichambua mchele, alimjia mmoja wa wari wake wa zamani, mama wa watoto wanne, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka kwenye matibabu. Walizungumza habari za mvua na za bei ya nazi mpaka mazungumzo yakaisha utamu, kisha yule mama akainamisha kichwa na kusema, "Somo, nimepona, lakini mlango umefungwa." Shangazi, ambaye sikupata kumwona akikosa jibu, alikaa kimya kitambo, halafu akamwambia, "Mwanangu, haya hata aliyenifunda mimi hakuyajua."

Jibu hilo lilikuwa la haki. Nchini Tanzania saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyotangulia saratani zote za wanawake kwa wingi, na aghalabu mgonjwa hufika kwa tabibu maradhi yakiwa yamekwisha kutambaa, hata kisu peke yake hakifai tena. Ndipo hupelekwa kwenye mionzi, mathalan Bugando kule Mwanza, au Ocean Road jijini Dar es Salaam, katika hospitali ambayo Wadachi waliifungua mwaka 1897 na ambayo kwa sheria ya Bunge ikawa taasisi ya saratani mwaka 1996. Mionzi ya nje hupigwa siku tano kwa juma kwa muda wa majuma kama matano, na pamoja nayo huja mionzi ya ndani, ambayo chanzo chake huingizwa kwa kupitia ukeni mpaka karibu na uvimbe, kikakaa kwa dakika chache, kikatolewa. Katika muda wote huo wa ugenini mgonjwa huulizwa habari za damu, za chakula, za choo na za nauli. Habari za kitanda chake haziulizwi, kana kwamba mtu aliyenusurika na mauti hana haki ya kutamani kitu kingine zaidi ya pumzi.

Naam, mwili una hesabu zake. Mionzi huua uvimbe, lakini njiani hupita katika nyama iliyo nzima, na nyama ya ndani ya uke, ambayo kwa tabia yake ni laini, yenye unyevu na yenye kunyumbuka, huwa nyembamba na kavu; mishipa midogo ya damu hupungua, makovu hujijenga polepole kwa miezi na hata miaka, na kuta zisipotenganishwa huweza kushikamana, uke ukafupika na kubana. Mifuko ya mayai nayo, ikiwa imo katika njia ya mionzi, hukoma kazi yake, na mwanamke wa miaka thelathini hujikuta amekatikiwa na hedhi kama bibi yake, joto la ghafla likimwamsha usiku, kizazi kikiwa kimefungwa bila ya yeye kushauriwa. Juu ya hayo kuna kibofu chenye ukereketo, tumbo lisilotabirika, na uchovu usioondoka kwa kulala. Mtu wa hali hiyo akijaribu jimai kwa mara ya kwanza akaumia, mara ya pili misuli yake hukaza kwa khofu kabla hajaguswa, na maumivu yakazaa maumivu.

Siku chache baadaye shangazi alijifunga buibui akaandamana na mwari wake kwenda kliniki, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa la ushujaa. Huko walimpata muuguzi mtu mzima aliyefunga mlango na kuwatolea vijiti laini vya plastiki, vya mviringo na vyenye ncha butu, kimoja kama kidole chembamba na kingine kikubwa kuliko hicho, ambavyo kwa lugha ya hospitali huitwa daileta. Aliwaeleza kwamba majuma kama manne baada ya mionzi kumalizika, donda likisha kutulia na daktari akishatoa idhini, mwanamke hulala chali mahali pa faragha, akapaka kilainishi cha maji, akaingiza kile kidogo kwa taratibu mpaka pale anapohisi kuzuiliwa lakini haumii, akakiacha dakika tano hata kumi, na kufanya hivyo mara mbili au tatu kwa juma. Matabibu hawakubaliani ni kwa miaka mingapi, lakini hakuna asemaye kwamba ni kwa siku chache. "Na akiumia?" shangazi aliuliza. "Arudi kwenye kile kidogo, mama. Hakuna mashindano." Akaongeza kwamba uke usioachwa ukaziba humfaa hata mwanamke asiye na mume wala haja ya mume, kwa kuwa daktari humpima kwa njia hiyo hiyo kutazama kama maradhi yamerudi.

Hapa sina budi kusema neno juu ya sanduku la somo. Shabu, ambayo wanawake wa pwani wameitumia tangu zamani ili kubana, ni adui wa nyama iliyopigwa mionzi, kwani hukausha palipokwisha kukauka. Ndimu, dawa za kuingiza na mvuke wa kufukiza huko chini viwekwe kando vivyo hivyo. Mafuta ya mgando na ya nazi huharibu mpira wa kondomu. Ukavu usiokwisha kwa kilainishi una malhamu ya estrojeni ya kupaka ukeni, lakini hiyo sharti daktari aiandike. Matone machache ya damu baada ya tendo au baada ya daileta si jambo la kutia fadhaa. Damu nyingi, au yenye kuendelea, ni ya kurudisha hospitali bila ya kungoja.

Kwa wanaume nitakuwa mfupi, si kwa kuwadharau. Yule aliyetibiwa tezi dume kwa mionzi huweza kuona nguvu zake zikipungua si siku hiyo, bali baada ya mwaka au miaka miwili, akadhani amerogwa. Dawa zipo, mojawapo ni sildenafili, lakini mwenye kutumia naitreti za moyo haruhusiwi kuzichanganya, kwa hiyo za kununua kichochoroni ni hatari.

Lakini mume wa mwanamke aliyepona ana tashwishi ya namna nyingine, nayo aghalabu haisemi. Huogopa kuambukizwa saratani, nayo haiambukizi kwa kulala pamoja. Huogopa kuungua kwa mionzi, ilhali ile ya nje haibaki mwilini na chanzo cha ile ya ndani kilikwisha kutolewa. Na zaidi ya yote huogopa kumwumiza mkewe, basi huhamia chumba cha pili kwa huruma, na mke akaisoma huruma hiyo kuwa ni kuchukizwa. Nimeona ndoa ikifa kwa adabu ya watu wawili. Laiti wangejua kwamba faraja ina milango mingi: kusingwa mgongo, kuogeshana, kulala kifua kwa kifua bila ya ahadi ya jambo jingine, na siku ya tendo ikifika, mke awe juu, ili kina na mwendo viwe mikononi mwake, naye asimamishe apendapo.

Yule mwari wa shangazi hakurudi kuwa kama alivyokuwa, wala hakuahidiwa. Alichosema, miezi mingi baadaye, ni kwamba mume amerudisha mto wake.

Nawaomba wauguzi wa wodi za saratani wamwite mke na mume kwa pamoja kabla ya siku ya kuruhusiwa, wafunge mlango, na waseme. Na wewe dada usomaye haya, usiondoke hospitali hujauliza. Na wa kwanza akikujibu kwa kicheko, mwulize wa pili.