Pistoni Huchaguliwa Pampuni

Kwa watu wa bodaboda wa Homa Bay na Migori, msiba wa injini una neno moja: imenoki. Umkute kijana anasukuma pikipiki jua la saa saba kwenye barabara ya Rodi Kopany, umuulize kulikoni, atakujibu kwa neno hilo bila kusimama. Kwake kunoki ni kufa. Pistoni imeshika, au konrodi imetoboa tumbo la injini, na kilichobaki ni kutafuta pesa za fundi.

Kwa wahandisi, neno hilo lina maana ndogo zaidi. Kunoki ni mlio: kugongagonga kwa ukali, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe, kunakosikika injini ikipanda mlima na mzigo. Mlio ni onyo, na injini inaweza kuutoa kwa wiki nyingi kabla ya kufa. Lugha ya barabarani imeruka onyo ikaenda moja kwa moja kwenye mazishi. Mara nyingi mazishi hayo huanza siku injini ilipofunguliwa kwa matengenezo, fundi akashika pistoni mpya mkononi, na mwenye pikipiki akauliza swali ambalo kila fundi amelizoea: “Omera, huwezi kuiongezea nguvu kidogo?”

Inawezekana. Ila jibu zuri linahitaji hesabu ndogo.

Chukua injini ya 125 iliyojaa barabarani kwetu. Pikipiki nyingi za Kichina zilizoingia Kenya zimeiga muundo wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 ikiwa imekusudiwa nchi ambako barabara ni mbaya na fundi yuko mbali. Silinda yake ina kipenyo cha milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5 kutoka chini hadi juu. Katika safari hiyo inafagia sentimita za ujazo 124. Ikifika juu kabisa, mchanganyiko wote wa hewa na petroli umebanwa kwenye nafasi ya sentimita za ujazo 15.5 hivi, yaani vijiko vitatu vya chai. Jumlisha 124 na 15.5, gawanya kwa 15.5, unapata 9. Huo ndio uwiano wa mgandamizo, 9 kwa 1. Mafundi huuita kompresheni tu.

Kubana zaidi kunalipa kwa sababu gesi iliyobanwa sana kabla ya kuwaka hupata nafasi ya kutanuka sana baada ya kuwaka, na kutanuka huko ndiko kunakosukuma pistoni. Kwa hesabu ya darasani, isiyojali msuguano wala joto linalopotea, injini ya 8 kwa 1 inaweza kugeuza asilimia 56.5 ya joto la petroli kuwa kazi. Kwa 9 ni asilimia 58.5, kwa 10 ni 60.2, na kwa 12 ni 63. Injini halisi haifiki huko, lakini mwelekeo ni uleule: kila hatua inaongeza kitu, na kila hatua inaongeza kidogo kuliko iliyotangulia. Anayetoka 9 kwenda 10 anapata faida ya asilimia tatu hivi, kiasi ambacho hata abiria mmoja mnene anaweza kukimeza.

Hasara yake haipungui hivyo. Plagi ikitoa cheche, moto hauenei papo hapo. Huanzia kwenye plagi ukatembea kama moto wa nyasi kavu, ukisukuma mbele yake gesi ambayo haijawaka. Gesi hiyo ya pembeni inabanwa na kupashwa joto huku ikisubiri zamu yake. Moto ukiifikia mapema, mambo ni shwari. Ikizidiwa na joto kabla ya kufikiwa, inalipuka yote kwa mkupuo, na mawimbi ya shinikizo yanaanza kupiga kuta za silinda. Hapo ndipo mlio wa kokoto unapotoka. Harry Ricardo, mhandisi Mwingereza, alichunguza jambo hili kwa kina mwanzoni mwa karne iliyopita, hata akaunda injini ya majaribio ambayo uwiano wake uliweza kubadilishwa ikiwa inazunguka.

Uharibifu wenyewe hutokea kwa njia ya ajabu kidogo. Moto ndani ya silinda hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Pistoni ya alumini hupona kila siku kwa sababu uso wake umefunikwa na utando mwembamba wa gesi iliyopoa kiasi, huku joto linalopenya likitoroka kupitia ringi hadi kwenye silinda. Mawimbi ya kunoki huuchana utando huo, na pistoni inabaki uchi mbele ya moto.

Sasa rudi kwenye meza ya fundi, maana uwiano hubadilika hata pale ambapo hakuna aliyekusudia kuubadilisha. Silinda ikiliwa, huchongwa kwenye leithi na kuwekewa pistoni ya ovasaizi: milimita 0.25, 0.50, 0.75, mwisho 1.00. Kwa injini yetu ya 125, ovasaizi ya mwisho inapandisha uwiano kutoka 9 hadi 9.3 hivi, na hilo halina ubaya. Ila fundi akichonga hedi au shingo ya silinda ili kuiweka sawa, akaondoa milimita 1 nzima, ametoa sentimita za ujazo karibu 2.5. Chumba cha mwako, ile nafasi ya 15.5, kimebaki na 13, na uwiano umeruka hadi 10.5. Nusu kijiko cha chai kimeibadilisha injini tabia. Masizi magumu yanayoganda juu ya pistoni na kwenye hedi hula nafasi hiyohiyo, polepole, bila mtu kushika spana.

Kisha kuna ile njia inayopendwa: kuvisha 125 silinda na pistoni ya 150. Pistoni ya 150 ya ukoo huohuo ina kipenyo cha milimita 62 na safari ileile ya 49.5, kwa hiyo inafagia karibu sentimita za ujazo 149. Hedi ikiachwa ile ya 125 yenye chumba chake kidogo, hesabu inatoa uwiano wa 10.6. Mwenye pikipiki anadhani amenunua ukubwa tu, kumbe amenunua na mgandamizo ambao hakuuomba. Dawa ni kuchukua hedi inayolingana na silinda, au kutafuta pistoni yenye kichwa kilichobonyea kama kisahani. Yenye kichwa bapa iko katikati. Yenye kichwa kilichovimba kama kuba inapunguza chumba zaidi, na inawafaa watu wa mashindano wenye petroli yao maalumu.

Hakuna haja ya kubahatisha. Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa linatosha. Leta pistoni juu kabisa vali zote zikiwa zimefungwa, laza injini mpaka tundu la plagi liangalie juu, kisha mimina oili nyepesi ukihesabu mililita hadi ifike kwenye uzi wa chini wa tundu. Ukiingiza 15.5, uko kwenye 9. Ukiingiza 13, umeshafika 10.5, na ni afadhali ujue ukiwa bado karakana.

Sasa twende kituo cha mafuta. Uwezo wa petroli kusubiri bila kulipuka yenyewe hupimwa kwa okteni. Iso-okteni, inayovumilia sana, ilipewa 100, na hepteni, isiyovumilia, ikapewa 0. Petroli ya 91 inavumilia kama mchanganyiko wa sehemu 91 za ile ya kwanza na 9 za ile ya pili. Okteni haiongezi nguvu yoyote. Inakupa ruhusa ya kubana tu. Mwaka 1921, Thomas Midgley wa General Motors huko Marekani aligundua kuwa madini ya risasi yakitiwa kwenye petroli hupandisha uvumilivu huo kwa bei rahisi, na dunia ikabana injini zake huku ikivuta sumu kwa miongo mingi. Kenya iliachana na petroli ya risasi ilipofika 2006, katika kampeni iliyoongozwa na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, Nairobi. Algeria ilifunga orodha ya dunia mwaka 2021.

Siku hizi EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, hutangaza bei ya petroli kila tarehe 14 ya mwezi, na bei ndiyo inayozungumzwa. Okteni haizungumzwi na mtu. Lakini pistoni yako inaijua, hasa petroli inapochakachuliwa. Mafuta ya taa yana okteni ya chini mno, na yalipokuwa rahisi kuliko petroli na dizeli yaligeuka kishawishi kwa wachakachuaji, hadi serikali ikayawekea ushuru maalumu wa shilingi 18 kwa lita mwaka 2018. Petroli ya kwenye chupa za kando ya njia, au ya jerikeni lililokaa juani ufukweni likisubiri boti, nayo haina mtu wa kuidhamini. Injini ya 9 inaweza kuisamehe siku moja mbaya. Ya 10.5, ikipozwa kwa upepo tu, haina subira hiyo.

Kuna jambo moja ambalo mahali petu panatupendelea. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ina shinikizo la takriban asilimia 87 ya lile la Mombasa. Silinda inavuta hewa pungufu, mgandamizo unaishia chini kidogo, na petroli ileile inavumilia zaidi. Ndiyo maana geji ya kompresheni hapa husoma chini ya kitabu hata ringi zikiwa nzima. Usizihukumu kwa hilo. Lakini injini iliyobanwa hadi ukingoni Homa Bay, ikiuzwa kwa mtu wa Pwani, itaanza kugonga bila kosa la mnunuzi.

Upendeleo huo huliwa na joto na mzigo. Abiria wawili na gunia, kupanda kutoka ziwani kuelekea Rongo, gia kubwa, mwendo mdogo, mkono umekunja ekseleta yote: hapo gesi ya pembeni inasubiri kwa muda mrefu na kwa joto kali. Gari nyingi za Probox zinazopanda njia hiyohiyo zikiwa zimejaa zina injini ya 1NZ-FE yenye uwiano wa 10.5, na hazigongi. Zinapozwa kwa maji, tena zina kisikizi kwenye bloku kinachounasa mlio na kuiambia kompyuta icheleweshe cheche. Pikipiki ya kabureta haina sikio hilo isipokuwa la dereva.

Kwa hiyo, kwa 125 ya kazi inayokunywa super ya kawaida, pistoni ya kumiminwa yenye kichwa bapa, na uwiano kati ya 9 na 9.5, ndiyo inayolisha familia. Pistoni iliyofuliwa kwa mashine inastahimili kipigo zaidi, lakini hutanuka zaidi ikipata moto, hivyo huhitaji nafasi kubwa kwenye silinda, na haizuii kunoki. Inachelewesha mazishi tu.

Fundi mzoefu hatupi pistoni ya zamani kabla ya kuisoma. Huigeuza kwenye mwanga, akafuta masizi kwa kidole. Akiona ukingo umechimbika vitobo vidogo kama uso wa aliyeugua tetekuwanga, au ukuta kati ya ringi umepasuka, anajua injini ilionya na haikusikilizwa. Kabla ya kutaja bei ya mpya, anauliza: “Huwa unajaza wapi?”