Baridi ya Meru yala faida ya wafuga samaki

Kuanzia Juni hadi Agosti, mfuga samaki wa Arusha hulipia chakula kama kawaida huku samaki wake wakikaribia kusimama kukua. Asiyepunguza mgawo katika miezi hiyo hutupa fedha majini.

Samaki anayefugwa zaidi mabwawani ni perege, ambaye sokoni wengi humwita sato. Samaki huyu hana joto lake mwenyewe. Mwili wake hufuata joto la maji. Hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi 26 hadi 30 za Sentigredi. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo, na yakikaribia 16 huacha kabisa kula. Arusha iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na usiku wa Julai hewa hushuka hadi karibu nyuzi 12. Mabwawa ya juu zaidi mlimani, yanayopokea maji ya vijito vya Meru, huwa na baridi kali zaidi.

Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji. Chukua mfano wa bwawa lenye samaki 1,000 wenye uzito wa gramu 150 kila mmoja, yaani kilo 150 kwa jumla. Mgawo wa asilimia 3 ya uzito ni kilo 4.5 kwa siku. Wa asilimia 1 ni kilo 1.5. Tofauti hiyo kwa siku 60 ni kilo 180. Kilo moja ikigharimu Sh1,500, zinazookolewa ni Sh270,000.

Hasara haiishii hapo. Pumba na mashudu yasiyoliwa huoza, hula oksijeni na kuzalisha amonia, na samaki waliodhoofishwa na baridi hushambuliwa na magonjwa kwa urahisi.

Kinga yake ni rahisi. Kwanza, mfugaji awe na kipimajoto na aamue mgawo kwa kukitazama, si kwa mazoea. Pili, alishe mara moja kwa siku, kati ya saa 7 na saa 9 mchana, maji yakiwa yamepata jua. Tatu, chakula kikibaki baada ya dakika 15, kesho yake apunguze. Nne, apunguze maji ya kijito yanayoingia bwawani, mradi samaki hawatweti juu ya maji alfajiri kwa kukosa hewa.

Lililo kubwa zaidi ni kalenda ya biashara. Perege huhitaji miezi 6 hadi 8 kufikia uzito wa kuuzwa. Vifaranga vikipandikizwa Septemba, mavuno yanaweza kufika sokoni kabla ya Juni. Anayepandikiza Machi huingia kwenye baridi na samaki wadogo. Mfugaji wa aina hiyo asimwahidi mnunuzi mzigo wa Septemba, kwani bwawa halitatii mkataba.