Turubai la mashua halitaki jiki

Ami yangu ana mashua ya tanga hapa Lamu, anapeleka wageni Manda na kurudi. Msimu mmoja alinipa kazi ya kuosha turubai la kivuli, lilikuwa limejaa madoa meusi ya ukungu. Nami na diploma yangu nikanunua jiki chupa mbili, nikalimwagia bila hata tone la maji, nikalianika. Likatoka jeupe kama kanzu ya Idi. Wiki ya tatu kusi ikalipasua katikati ya safari, mvua juu yetu, na kwenye chombo mna mama na mtoto mchanga. Ami hakunigombeza. Alivuta uzi mmoja kwa vidole viwili, ukakatika wenyewe.

Turubai lile lilikuwa la pamba. Jiki kali huila pamba, na jua humalizia. Kwa hivyo kwanza jua lako ni la nini. La plastiki halihitaji dawa ya kuzuia maji. Likitoboka ni kutia kiraka, basi. Kazi iko kwenye la pamba, na lile la akriliki wanalotumia wenye mashua za fahari.

Likung'ute na kulipiga brashi kavu, mchanga utoke. Kisha maji matamu, mengi. Chumvi ndiyo adui mwenyewe: hunyonya unyevu wa hewani, kwa hivyo turubai lenye chumvi halikauki sawasawa na ukungu hupata makao. Kama kisima chako kina chumvi, kinga maji ya mvua. Sabuni iwe ya mche, kidogo, na brashi laini. Sabuni ya unga iache kwa nguo. Ikibaki kwenye kitambaa huvuta maji yapenye. Suuza mpaka povu liishe kabisa.

Ukungu kwenye pamba upake siki iliyochanganywa na maji, uache nusu saa, usugue, usuuze. Doa likibaki, libaki, doa halivujishi. Akriliki huvumilia jiki iliyozimuliwa kwa maji mengi, kwani ukungu wake hukaa kwenye uchafu, hauli uzi.

Likikauka kabisa, lirushie maji. Yakiviringika, huna kazi. Yakizama, subiri kidogo kama ni pamba: nyuzi zake zikilowa huvimba na kuziba matundu. Ndiyo maana wazee walitukataza kugusa turubai kwa chini mvua ikinyesha, maji huanza kudondoka pale pale penye kidole.

Likiwa bado lavuja, tia nta ya nyuki kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji moto. Ikiyeyuka, iondoe, ipeleke mbali na moto, ndipo uichanganye na tapentaini, tena nje penye hewa. Mvuke wa tapentaini huwaka haraka, si mchezo. Paka nyembamba kwa brashi, ukazie mishono, maana tundu la sindano ndilo mlango wa maji. Lianike juani nta iingie. Akriliki usiipake nta, itashika vumbi na kuziba hewa. Ina dawa yake ya kupuliza kwenye maduka ya vifaa vya mashua.

Wala usilikunje likiwa na unyevu, hata usiku mmoja.

Turubai jipya nililipia nusu. Ami hulifua mwenyewe sasa. Mimi kazi yangu ni kuteka maji.