Leseni Mfukoni, Gari Hakuna

Msomaji, ukipita mtaa wa Pioneer mjini Eldoret mwendo wa saa nne asubuhi, siku ya kazi, utawakuta vijana wameketi kando ya kibanda cha chai. Viatu vyao vimepigwa rangi na mashati yamepigwa pasi, lakini hawaendi popote. Usidhani ni wazururaji. Hao ni madereva. Wamesomea kazi, wamepita mtihani, na leseni yenye herufi CE, ile inayomruhusu mtu kuendesha lori lenye trela, wanayo mfukoni. Kilichokosekana ni lori lenyewe.

Niliketi nao asubuhi kadhaa, nikanywa chai nyingi kuliko ninavyopaswa, nikawasikiliza.

Si ajabu kwamba kijana wa Eldoret atamani usukani. Mji huu ulizaliwa na magurudumu. Makaburu walifika Uasin Gishu mwaka 1908 kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe, na shamba nambari 64 ndilo lililoupa mji jina ambalo wazee hulitamka Sisibo hadi leo. Reli ilifika mwaka 1924. Bomba la mafuta likafika mwaka 1994, na malori ya tangi yanayopeleka mafuta Uganda na ng'ambo yake yakawa yanapakia papa hapa. Mtoto aliyekua akihesabu matrela kwenye barabara ya Uganda, mwambie akawe karani uone atakavyokutazama.

Zamani hapakuwa na kungoja kwa namna hii, kwa sababu hapakuwa na shule. Kulikuwa na taniboi. Mzee mmoja aliyestaafu, ambaye vijana hawa humwita Mwalimu ingawa hakushika chaki maishani, alinieleza alivyoanza. Alilala juu ya magunia. Alifunga turubai na kamba, alipaka grisi, alichomeka jiwe nyuma ya gurudumu gari likisimama mlimani, alipika ugali kando ya barabara na kumwamsha dereva alfajiri. Miaka ikapita. Siku moja, mahali tambarare, dereva akamwachia usukani kwa kilomita chache, kisha nyingi. Alipokwenda kwa tajiri kuomba gari, hakuulizwa cheti. Aliulizwa ni nani anayemjua, na dereva wake akasimama akasema, mimi namjua huyu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kijana wa leo hulipa karo, huendesha lori tupu mjini kwa majuma machache, akapewa karatasi. Karatasi husema amefuzu. Haisemi nani anamjua. Mwenye gari naye ana deni la benki juu ya lile lori, na bima yake yataka dereva mwenye miaka ya kazi. Basi gari halipatikani bila uzoefu, wala uzoefu haupatikani bila gari. Mmoja wa vijana niliokaa nao, nyumbani kwao Nandi waliuza ng'ombe wa maziwa ili asome. Mama yake hupiga simu kila Jumapili. Hamwulizi juu ya kazi. Humwuliza kama amekula. Aliniambia afadhali angemwuliza juu ya kazi.

Hata hivyo siwezi kuwalaumu wenye magari moja kwa moja. Sheria ya Afrika Mashariki huruhusu lori na mzigo wake kufikia tani 56. Ukitoka Eldoret kwenda Nakuru unapanda hadi Timboroa, kisha unaanza kuteremka, na mteremko wa Salgaa umeua watu wasiohesabika. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, wakafa watu 36. Tarehe 30 Juni 2023 trela liliacha njia pale makutano ya Londiani, likawapitia wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50.

Mwalimu aliwaeleza vijana jambo hili nikiwapo, akichora kwa kijiti mavumbini. Teremka kwa gia ambayo ungepandia. Anayetoa gia ili gari lijiendee lenyewe, apate kubakiza dizeli kidogo ya kuuza, ameikabidhi breki kazi ya injini. Breki ikikanyagwa mfululizo hupata moto. Ikipata moto hulegea. Nawe wakati huo huwezi tena kuirudisha gia. Walimsikiliza kama watu walio msikitini. Nikajiuliza, elimu hii wataipata wapi yule mzee akiondoka? Baadhi ya matajiri humkalisha dereva mpya kando ya mkongwe kwa safari kadhaa, bila mshahara ila pesa ya chakula. Ni utaniboi ule ule umevishwa shati safi, nami naona ni afadhali kuliko kukaa kibandani, mradi mwisho wake ujulikane. Ubaya ni kwamba wengine huambiwa safari mbili wakapigishwa kumi.

Wakati huo wote hucheza drafti kwa vifuniko vya soda na kutajiana barabara. Turbo, mizani ya Webuye, Bungoma, Malaba, Tororo, Bugiri, Iganga, Jinja, Kampala. Wanajua pa kununua dizeli na pa kutolala. Nilimwuliza mmoja amefika Jinja mara ngapi. Akacheka, akasema hajawahi kuvuka Webuye.

Simu ya kazi, wakasema, mara nyingi huja usiku. Dereva wa kawaida ameugua au amegombana na tajiri, mzigo wangoja, na mtu anatakiwa yadini kabla ya alfajiri. Ndiyo maana hakuna anayezima simu, na hakuna anayekwenda kulala kijijini. Juma nililokuwa huko, mmoja wao aliitwa. Aliondoka na blanketi, chupa ya chai na fulana mbili, hata kuaga hakuaga. Siku ya tatu nilimwuliza mwenzake habari zake. Akanionyesha ujumbe kwenye simu: yuko kwenye foleni ya Malaba, amesimama tangu jana, na gari ni zuri sana.