Usiku wa Kwanza Muhumba

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, kiasi cha saa moja jioni, tulikuwa nyumbani kwetu Goma tukingoja mama watoto apakue chakula, mara mbingu ya upande wa kaskazini ikawa nyekundu kama tanuru la mhunzi. Mama yangu mzazi, ambaye tunakaa naye, hakuuliza neno. Alikwisha kuuona mlima ule ukipasuka mara mbili: Januari 1977, alipokuwa msichana, na tarehe 17 Januari 2002, moto ulipopita katikati ya mji ukateketeza hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Alisimama, akajifunga kitenge kiunoni, akasema, “Inukeni, wanangu. Nyiragongo imeamka.”

Usiku ule hatukwenda mbali. Wengi walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, wakarudi asubuhi. Moto ulisimama Buhene, karibu na uwanja wa ndege, baada ya kumeza vijiji na nyumba kwa maelfu. Watu wapatao 32 walifariki. Siku ya pili yake UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa linalohudumia watoto, lilitangaza kwamba watoto zaidi ya 150 walikuwa wametengana na wazazi wao, na wengine zaidi ya 170 walihofiwa kupotea. Niliposikia habari hiyo nilisema moyoni kwamba wazazi wale hawakuwa waangalifu. Mungu anisamehe.

Siku zilizofuata ardhi haikutulia. Ilitikisika mchana na usiku, kuta zikapasuka, na katika njia kuu ukatokea ufa ambao watoto walikuwa wakiurukaruka kama mchezo. Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 27, Jenerali Constant Ndima, gavana wa jimbo, akatoa amri kwamba watu wa mitaa 10 kati ya mitaa 18 ya Goma waondoke mara moja, kwa kuwa moto ulikuwa umeingia chini ya mji na chini ya ziwa.

Msomaji asiyekaa kwetu huenda asielewe kwa nini neno “ziwa” lilitutisha kuliko neno “moto”. Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 500, na huko chini kumefungwa hewa nyingi mno: kilometa za ujazo zipatazo 300 za hewa ya kaboni, na nyingine zipatazo 60 za methani, ile hewa iwakayo. Maji yaliyo juu huikandamiza, nayo hutulia miaka na miaka. Lakini moto ukiyakoroga maji ya chini, yaweza kupanda kwa ghafula. Hayo si maneno ya kutishia watoto. Tarehe 21 Agosti 1986 ziwa dogo la Nyos, nchini Kameruni, lilitoa hewa ya namna hiyo usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa pamoja na mifugo yao. Mimi ni mwalimu, na somo hili nimelifundisha ubaoni mara nyingi. Asubuhi ile nilitamani kuwa sikulijua.

Watu wapatao 400,000 waliondoka. Wengine walishika njia ya Sake, wengine Rutshuru, wengine Gisenyi. Sisi tulikwenda bandarini kutafuta chombo cha Bukavu, kwani mama hakuweza kutembea hata nusu ya njia ya Sake. Ndiyo, tulilikimbia ziwa kwa kupita juu ya ziwa lenyewe! Nauli ilikuwa imepanda, nami nililipa bila kubishana. Watu walisukumana hata miguu yao haikugusa chini. Nilimpandisha mama, nikampandisha mke wangu na mtoto mchanga, nikamvuta binti yetu mkubwa. Mwanangu wa pili, mvulana wa miaka minane, alikuwa amebeba mkoba wangu wa shule. Nilidhani yuko kwa bibi yake. Bibi yake alidhani yuko kwangu.

Tulitambua tulipokuwa tumeliacha jiji nyuma na kisiwa cha Idjwi kinaonekana mbele. Nahodha hakuweza kugeuza chombo chenye watu namna ile, na sikumlaumu. Mke wangu hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa kitenge mpaka tulipofika.

Tulitia nanga Bukavu kiasi cha saa tatu usiku. Hatukuwa na ndugu katika mji huo. Gatini mwanamke mmoja alikuwa akiuza maandazi na chai, taa yake ndogo chini. Aliwatazama wanangu, akamtazama mke wangu, akauliza, “Mama, unalia nini?” Tulipomweleza akafunika beseni lake, ingawa maandazi yalikuwa bado mengi na wanunuzi walikuwa wengi. Akasema, “Usiku huu hamtamwona. Kesho tutamtafuta. Twendeni kwanza watoto wapate kulala.” Hakusema “mtamtafuta”, alisema “tutamtafuta”. Nimekuwa nikifundisha lugha miaka kadhaa, wala sijapata kuona silabi moja yenye uzito kama ile.

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya rasi zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, na Muhumba ni mojawapo, katika komini ya Ibanda. Huko kuna miti mikubwa na nyumba ambazo Wabelgiji walijijengea zamani, mji ulipoitwa bado Costermansville. Mtu apitaye huko huona kuta ndefu na malango ya chuma, naye hudhani kwamba wakaao ndani ni matajiri watupu. Kumbe nyuma ya kila nyumba kubwa kuna nyumba ndogo. Mume wa mama yule alikuwa mlinzi wa usiku katika mojawapo, na familia yake ilikaa uani, vyumba viwili, watoto wanne. Sisi tulikuwa watu wakubwa watatu na watoto wawili.

Mlinzi alitufungulia lango akasita. Nilifahamu kwa nini: bwana wake alikuwa amekataza wageni, na kazi Bukavu haiokotwi njiani. Mkewe akamwambia kwa sauti ya chini, “Baba, hawa wametoka kwenye moto.” Akatuachia nafasi tukapita.

Tulipewa bugali na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Wanangu walikula kwanza. Mama mwenyeji hakuketi nasi. Alisema alikwisha kushiba kwa kuonjaonja jikoni. Uongo huo kila mama wa kwetu anaujua, nao hauhitaji kuungamwa.

Alfajiri mwenye nyumba kubwa akatokea uani. Sote tukasimama, na mlinzi akavua kofia. Bwana yule akamtazama mama yangu, akauliza, “Mmetoka Goma?” Mama akaitika. Akageuka akarudi ndani, nami nikaanza kufunga mizigo. Haikupita robo saa mpishi akaja na magodoro mawili, mablanketi, na nusu gunia la maharagwe. Siku zote tulizokaa pale bwana yule hakusema nasi tena, ila kutupungia mkono akiwa ndani ya gari.

Mlinzi, badala ya kulala baada ya zamu yake, alivaa viatu tukatoka pamoja. Tulizunguka bandari moja baada ya nyingine, parokia, na shule zilizopokea watu. Katika meza ya Msalaba Mwekundu waliandika jina la mtoto, umri wake, na rangi ya shati. Tulirudi jioni mikono mitupu. Usiku ule mlinzi akaenda zamu tena bila kulala, na asubuhi akavaa viatu vile vile.

Siku hiyo ya pili tulimpata. Alikuwa ameketi benchi karibu na meza ile ile, mkoba wangu magotini. Kando yake alikuwapo mwanamke wa Idjwi, mchuuzi wa samaki. Mtoto alikuwa amesukumwa katika chombo kingine, akaanza kulia, na mama huyo akamshika mkono, akamlipia, akalala naye kwa dada yake mjini, kisha akamleta pale. Alikuwa ameacha safari yake ya nyumbani siku mbili. Nilitoa fedha nilizokuwa nazo. Akakunja mkono wangu juu ya noti akasema, “Nauli ya mtoto hailipwi.” Jina lake sikuuliza, kwa kulia. Jambo hilo linanisumbua hata leo.

Jioni nilimwuliza mama mwenyeji kwa nini alituchukua bila kutujua. Alistaajabu swali lenyewe. Kisha akasimulia kwamba Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka Ruzizi kwa wingi usiohesabika, uwanja wa baba yake ulijaa watu hata pakakosekana mahali pa kupikia. Alimkumbuka Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliyewatetea wakimbizi wale bila kuchoka, akauawa tarehe 29 Oktoba 1996 vita vilipoingia Bukavu. Siku hizo wao wenyewe walikimbilia msituni, upande wa Bunyakiri. Alikuwa msichana wa miaka kumi. Watu wasiowajua waliwapa jiko lao walale. “Lilikuwa na moshi,” akasema, “lakini lilikuwa na joto.”

Tarehe 7 Juni waziri mkuu, Bwana Sama Lukonde, alitangaza kwamba watu waanze kurudi Goma kidogo kidogo. Siku mbili baadaye tukaaga.

Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka mji wetu wa Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Makumi ya maelfu ya watu wa Kivu ya Kusini walivuka kwenda Burundi. Kwa siku kadhaa simu ya mama yule haikuita. Kisha jioni moja ikaita yangu, kwa namba nisiyoijua.

“Mwalimu, tumevuka Ruzizi. Tuko Rugombo. Kwenye uwanja wa mpira hapakuwa na nafasi, lakini mama mmoja Mrundi ametupa jiko lake.”

Nikauliza kama lina moshi. Akacheka kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia, kisha akauliza kama yule mtoto hajambo. Alikuwa na miaka 12 wakati huo, amesimama karibu yangu na daftari lake. Nikampa simu.